Sikuja Kurudisha Ufunguo

Area D, Dodoma
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu mpenzi Mwajabu,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto huko Kondoa, na ule mgongo wako uwe umepata nafuu. Sisi huku tu wazima, tena wazima wa kucheka peke yetu, alhamdulillahi. Mvua imeanza, vumbi limelala, na mdogo wako bado naamka kila asubuhi nikishangaa kwamba nimeolewa.

Dada, Zaidi wangu ni mtu wa ajabu. Akiwa Kibaigwa kwenye mahindi yake hunipigia asubuhi kuniuliza nimekunywa chai na nini, na nikimwambia nimekunywa kavu hunigombeza kama mama mkwe. Ijumaa huingia na vumbi la magunia mpaka kwenye kope, nami namwona mzuri kuliko siku ya harusi. Najua ulikuwa ukimwita shemeji wa malori, ukisema dalali hana kwao, kwake ni barabarani. Nilicheka pamoja nawe. Nilidhani ni utani wa shemeji.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na mimi ningelia. Mengine humu unayajua, lakini niache niyapange yote nipate kufika kwenye hilo lililonileta.

Ulipohamishiwa Kondoa ukatuachia nyumba hii, ulitupeleka mtaa wa Kikuyu, hapa hapa mjini, kwa mwenye nyumba, Mzee Athuman, ukamwambia hawa ni wanangu, nawaacha mikononi mwako. Naye akasema kwake utaratibu ni mmoja: aliyemleta mpangaji ndiye anayemsemea, hataki kila mtu amgongee mlango na neno lake. Nikaona hiyo ni heshima. Na nani angenisemea vizuri kuliko dada yangu aliyenisomesha mpaka nikamaliza kidato cha nne?

Kwa hiyo bati la chumbani lilipoanza kuonyesha matundu ya mwanga, nilikuambia wewe. Kitasa cha mlango wa jikoni kilipong'oka, nilikuambia wewe. Ukanijibu kwamba umeshamweleza mzee, ila mzee ni mzito, tuvumilie. Mara fundi wake amefiwa, mara mabati yako njiani kutoka Dar es Salaam. Zaidi alitaka kupanda mwenyewe azibe matundu kwa lami, ukamkataza, ukasema mzee huchukia paa lake kuguswa. Nami nikawa namsema mzee wa watu kwa majirani, nikimwita konokono.

Wiki iliyopita mvua kubwa ikapiga. Maji yalishuka moja kwa moja juu ya kitanda chetu. Zaidi akatega ndoo, akaisikiliza inavyolia, akasema hiyo ndiyo ngoma ya harusi ambayo upande wa bibi harusi hamkuipiga. Nilicheka mpaka nikasahau kwamba nimelowa. Lakini asubuhi alipoondoka nikaliona lile shuka ulilonitarizia kwa mkono wako limejaa madoa ya kutu, na moyo ukanichemka. Nikajitanda mtandio, nikapanda bajaji mpaka Kikuyu, utaratibu au si utaratibu.

Mzee Athuman alikuwa kibarazani akiwatupia kuku pumba. Aliponiona aliinuka, akaniita mwanangu, akaagiza niletewe chai, akanitazama kwa huruma nisiyoielewa. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimekuja kurudisha ufunguo. Nilipomuuliza ufunguo gani, akasema nisione haya, ndoa za siku hizi ndivyo zilivyo, si mimi wa kwanza kurudi kwetu, na afadhali ni kabla ya mtoto.

Nikamwambia mzee, mimi nimekuja kwa ajili ya bati. Akaniuliza bati gani.

Dada, hakuwa akijua. Hajui bati, hajui kitasa, hana fundi aliyefiwa. Alisema wiki ile ile ya harusi ulikwenda kumuaga, ukamwambia asihangaike na nyumba, ndoa hii haitafika mvua, atukarabatie nini na sisi ni wa kuondoka. Kila alipokupigia kuuliza habari zetu, ulimjibu tunakaribia kufungasha. Hina uliyonipaka ilikuwa haijafifia mikononi mwangu, Dada Mwajabu.

Nilimaliza chai ya watu, nikashukuru. Ungeniambia usoni kwamba humtaki Zaidi, tungegombana, tungenuniana, tungepatana, maana sisi ni wa tumbo moja. Wewe uliiacha mvua iseme kwa niaba yako. Nilipokuwa nikikulalamikia kwamba kunavuja, ulikuwa ukisubiri nichoke. Sikuchoka. Nikiwa na Zaidi hata ndoo ni ngoma.

Mzee aliona aibu kuliko mimi. Kesho yake alikuja mwenyewe na mafundi, mabati mapya yakapanda, na kitasa kikawekwa. Wakati wa kuondoka akauliza kuanzia sasa nani ataisemea nyumba hii. Nikamwambia ni mimi. Lile bati la zamani nimefunikia banda la kuku.

Sasa hilo dumu la mafuta ya alizeti lililokuja pamoja na barua limetoka kwa Zaidi. Alilichagua mwenyewe Kibaigwa, akaonja kwa kidole kwanza. Alipoona paa jipya alisema huyo ni Dada Mwajabu, hakuchoka kutupigania, lazima tumpe asante. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, nikaufunga. Anakupenda, dada. Hana ndugu wa kike, na anajivunia kwamba amempata mmoja kwangu. Nimeshindwa kumnyang'anya.

Basi yapokee. Yakikupita kooni, pikia watoto. Yakikukwama, njoo mwenyewe umweleze kwa nini hustahili asante yake, maana mimi sitamweleza. Kitanda cha wageni kipo, na juu yake hakuvuji.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na usiache kuukanda mgongo kwa maji ya moto.

Mdogo wako,
Ikram, mke wa Zaidi