Wanawake Waliobeba Jeneza

Alhamisi, 22 Oktoba 1964

Mama amefariki alfajiri. Nimemwosha mimi – yeye ndiye aliyenifundisha kuosha maiti za wanawake wa mtaa. Germaine, mdogo wake aliyekuja kutoka Isangi, Mkatoliki kamili – mama alisilimu alipoolewa – alinimiminia maji bila kuuliza neno.

Sanda tayari. Wabebaji hakuna. Waasi wa Simba wanakamata kila mwanaume Kisangani abebe risasi zao, basi tonton Abdulhamid, ndugu wa marehemu baba, amejificha darini. Anatuma neno kutoka huko juu: tungoje, wanawake hawaendi makaburini. Tungoje! Kwa joto hili!

Germaine anasema kwao ni yale yale. Wanawake wanafua vitambaa vya altare, wanavipiga pasi, halafu wanafukuzwa altareni.

Ijumaa, 23 Oktoba

Tumembeba wenyewe, na majirani wanawake. Kwenye kizuizi cha barabarani Simba mmoja alipiga kelele:

– Musikaribie! Mwanamuke akitugusa, dawa ya kuzuia risasi inakufa!

Wakarukia mtaroni, na mikuki yao. Hata kwa dawa yao sisi ni uchafu. Bon, leo uchafu umetupa njia.

Tulichimba kaburi. Nani asalishe? Wote wakanitazama. Miaka mingapi nimeisikia sala hiyo nikiwa nyuma ya pazia? Nikasimama mbele. Niliisalisha hadi mwisho. Germaine akapiga magoti pembeni na rozari yake. Nilimpenda sana saa ile.

Jumapili, 25 Oktoba

Kizuizi kimehamia njia ya Banalia. Wanaume wameshuka darini, na sheria zao. Hakuna pole. Tonton anataka kujua nani alisalisha – huyo hataosha maiti tena mtaa huu. Kazi ya mama! Ndiyo pekee aliyoniachia.

Majirani wakainama. Nami nikanyamaza. Germaine akasema:

– Ni miye, shemeji.

Alidhani ananiokoa. Tonton akabadilika rangi. Mkristo amemsalia Mwislamu? Alors, afukuliwe, aoshwe upya, azikwe na wanaume.

Siku mbili zilizopita hakuna hata mmoja wao aliyetia mguu barabarani.

Sasa wanatafuta majembe uani. Yako chini ya kitanda hiki nilichokalia, bado yana udongo wa kaburi. Nikisema ukweli, mama atabaki alipo na mimi sitaosha mtu tena.

Tonton yuko mlangoni. Anaita: Nyota, majembe yako wapi?