Chai Tuliyoikausha Juu ya Moshi

Jumatano, Ijuganyondo. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Nimejifungia ndani hadi saa saba mchana, nikiogopa kwenda Kanazi kwa mwenyekiti wa kikundi chetu.

Majibu ya maabara yalitoka jana. Chai ya kijani ninayotengeneza na kikundi cha kina mama wa usharika wa kanisa letu haifai kunywewa. Ina mabaki ya moshi, ya aina inayoweza kuleta saratani. Afisa wa maabara aliyenipigia alikuwa mpole. Aliuliza tu, "Mlikaushia wapi?"

Mimi ndiye niliyewafundisha. Chuma majani machanga asubuhi, yapitishe kwenye mvuke upesi yasigeuke rangi, yasokote, yaanike chini ya nailoni juani. Lakini masika hayakuisha, jua likakosekana, majani yakaanza kuchacha. Badala ya kuyatupa, nikasema tuyatandaze juu ya jiko la kuni.

Ma Leonida, mwenyekiti wetu, alinusa akakunja uso. "Mwanangu, hii inanuka moshi."

Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo ladha yake.

Sikujua. Lakini pia sikuuliza.

Mwishowe nimekwenda. Nilimkuta Ma Leonida akimenya ndizi, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliweka kisu chini. "Na Ta Kalisti je?"

Ta Kalisti ni mumewe. Ini linamsumbua tangu mwaka jana, na kwa kuwa nilisema chai yetu ni safi kuliko ya dukani, amekuwa akinywa vikombe vitatu kila siku. Wiki mbili zilizopita tumbo lilijaa maji. Amelazwa hospitalini Muleba.

Nikasema sidhani kama ni chai.

"Hudhani, au unajua?"

Nikachukua jembe.

Tulichimba shimo nyuma ya kibanja chake cha migomba, tukafukia magunia mawili ya chai. Jirani mmoja wa kikundi alikuja kusaidia. Aliuliza kama migomba itadhurika. Hilo nalo sikulijua.

Wakati wa kuniaga, Ma Leonida aliniomba jambo moja: nisimwambie mzee. Anajisifia kwa wagonjwa wenzake kwamba chai yetu ndiyo inayomweka hai. Paketi moja iko kando ya kitanda chake, na bado anakunywa.

Kesho asubuhi nakwenda Muleba kuichukua.

Nitamwambia naichukua kwa nini?