Karata ya Baba Gervas

Dada Tasi,

Kamwene. Nakusalimu kwa sababu Mama alitufundisha kwamba mdogo ndiye huanza, hata akiwa na hasira kiasi gani. Huwezi kuitika tena, najua. Hata ulipokuwa hai ulikuwa mzito wa kuitika, kwa hiyo tusidanganyane.

Barua hii siifungi kwenye bahasha. Nitaisoma kwa mdomo wangu mbele ya watoto wako na ukoo mzima, siku ya kujengea kaburi lako. Wakisema Desi ana roho mbaya, anamsema marehemu, waseme. Nimeshasemwa mabaya kuliko hayo, tena kwa kosa lisilo langu.

Siku ya kumaliza matanga pale Mbeya, binti yako mkubwa aliniita chumbani akanipa kopo la biskuti. "Mama mdogo, mama alisema hili ni la kwako." Basi. Hakuna barua, hakuna hata mstari mmoja, wewe uliyefundisha watoto wa watu kuandika barua mpaka ukastaafu. Kopo nililijua kabla sijalishika. Limeota kutu, lakini yule farasi wa kwenye kifuniko bado anaonekana.

Unakumbuka lilivyofika nyumbani? Baba alikuwa mpishi wa mafundi wa Kitaliano waliokuwa wanajenga barabara kuu. Walipomaliza wakafunga mizigo, na kila mfanyakazi akabeba alichoachiwa. Wenzake walirudi makwao na vitanda na makoti. Baba yetu akaja Kilolo na sufuria mbili na kopo la karata. Mama akamwuliza, "Haya, na hizi nazo tutazipika?" Tulicheka mpaka ukamwaga maji uliyokuwa umebeba.

Hazikuwa karata za kopa na shupaza tunazozijua. Zilikuwa na picha: jua lenye uso wa mtu, mnara unaopigwa na radi, mzururaji na mbwa wake, mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja kichwa chini. Maneno yake Kitaliano, hatukuelewa hata moja. Nilikuja kuambiwa baadaye sana, nikiwa na wajukuu, kwamba kuna Wazungu wanaozitumia kupigia ramli. Sisi tungejuaje? Wewe ulikuwa darasa la saba, mimi la tano. Tukazitungia mchezo wetu.

Kila Jumapili baada ya misa tulikaa nyuma ya kihenge. Wewe ndiye msimulizi. Ulisema kuna wasafiri wanavuka msitu kwenda nchi isiyo na baridi, nasi tukawa tunasema kwa sauti zao, kila mmoja na watu wake. Msafiri akifika mtoni, anarusha punje nne za mahindi tulizozipaka masizi upande mmoja. Nyeusi zikiwa nyingi anavuka, zikiwa chache anasombwa na maji. Lakini kabla ya safari, kila msafiri alipaswa apewe karata inayofanana na tabia yake, na hapo ndipo tulipokuwa tukigombana. Wewe ulichukua jua bila kumwuliza mtu. Ukajiita Binti Jua, anayependwa kila aendako. Mimi ukanipa yule wa kichwa chini.

"Kwa nini mimi?" nikauliza.

"Mtazame usoni. Amening'inizwa na wala halii. Si ndiyo wewe huyo?"

"Nibadilishie, bwana."

"Karata ikishatoka haibadilishwi."

Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikakubali. Msafiri wangu nikamwita Mama Subira, na ajabu yake nilimpenda. Laiti ningejua ulikuwa unanipimia nguo ya kuvaa maisha yangu yote.

Wasafiri walipozidi, tukaanza kuazima tabia za watu tunaowafahamu ili tuweze kuwaiga vizuri. Ulikuwa mwaka wa vijiji. Tulikuwa tumetolewa kwenye kilima chetu tukapangwa kwa mistari, na watu ambao zamani tulionana nao kanisani tu, sasa tunawasikia wakikohoa. Mnara tukampa balozi wa nyumba kumi, kwa vile alivyopenda kusimama mahali pa juu. Halafu ikatoka ile ya mifupa mitupu, imeshika fyekeo, inafyeka. Tukasema kwa pamoja, "Baba Gervas!"

Nani tena angekuwa? Baba Gervas wa nyumba ya pili alikuwa mwembamba kama ufito, na kazi yake ilikuwa kufyeka majani ya shuleni na kanisani. Alikuwa akitupa mapera kila akipita. Katika mchezo wetu hakukuwa na mtu mwema kumzidi. Ukachukua kalamu, maana mwenye mwandiko mzuri ulikuwa wewe, ukaandika jina lake mgongoni mwa karata kwa herufi kubwa. Chini ya jina, kwa herufi ndogo, ukaandika tabia yake. Karata zote ulizifanya hivyo, kila moja na jina lake na tabia yake.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua zimeanza na ukungu hauondoki mpaka saa tano, Baba Gervas akashikwa na nimonia. Siku tatu tu, kwisha. Tulilia, dada. Wewe ulilia kuliko mimi, na hilo sitakunyang'anya.

Mazishi yalipopita, Mama Gervas akaja kwetu kuomba chumvi. Mama akapapasa uchagani, kopo likaanguka, karata zikatawanyika jikoni. Mama Gervas akainama amsaidie kuokota. Alikuwa ameanza darasa la elimu ya watu wazima, herufi amezishika juzijuzi, na kila alipoona maandishi ilikuwa lazima ajaribu, yawe ya mfuko wa chumvi au ya ukuta wa duka. Akajaribu na hayo. "Ba-ba Ge-rva-si." Akatabasamu kwa furaha ya kuweza. Halafu akaigeuza karata, akaona mifupa.

Yale mayowe nayasikia mpaka leo.

Kesho yake asubuhi tukaitwa kwa balozi. Karata zote ziko kwenye ungo chini, hakuna anayethubutu kuzigusa, wanazisukuma kwa kijiti. Balozi akasema mtu aliyeandika jina la mwenzake kwenye picha ya mifupa, na mwenzake akafa, hawezi kulala tena katika kijiji kile. Barua yako ya kwenda kidato cha kwanza ilikuwa imefika wiki hiyohiyo. Mama alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga yake.

"Nani ameandika?" balozi akauliza.

Nilikutazama nikijua utasema ni mchezo wetu sote. Ukasema, "Ni Desi. Mimi nilimkataza."

Ulinikataza! Lo, dada! Yaani hata kunisingizia hukutosheka, ukajiongezea na sifa juu yake.

Nikapiga kelele, "Someni chini ya jina! Mwambieni asome chini ya jina!" Balozi akakugeukia, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa hajui kusoma, Baba hajui, Mama hajui, na Mama Gervas anajua kidogo lakini hasogei. Msomi pale alikuwa wewe. Ukajizungushia khanga mkononi, ukainama juu ya ungo, ukatazama muda mrefu.

"Hakuna kitu," ukasema. "Ni Kitaliano tu."

Kisha ukajitolea kuzichoma. Ukazimimina kwenye moto kwa mkono wako uleule wenye khanga, watu wakakusifu kwa ujasiri. Mimi nilikuwa nalia, nimeshikwa mabega, nikaamini zimeungua zote.

Siku ya tatu nikapandishwa kwenye lori kupelekwa Madibira kwa shangazi. Wewe ukaenda sekondari Iringa, mimi nikaenda kuwinga ndege kwenye mpunga, nimesimama kwenye tope toka alfajiri, napiga debe. Sitaki unihurumie. Mpunga umenilea na umenisomeshea watoto, na kalamu hii ninayokuandikia hakuna aliyenishikisha mkono. Kilichoniuma ni Mama. Alikuja kunitembelea mara mbili tu katika maisha yake, na mara zote mbili nikampikia. Chakula kikitengwa, alikuwa anangoja. Hasemi neno, ananitazama mkono tu, mpaka nionje mimi kwanza. Mama yangu mzazi! Ndipo naye anamega.

Nilikuambia jambo hilo ulipokuja Madibira, umeshakuwa mwalimu, umeniletea khanga na mche wa sabuni. Nilikupigia magoti, dada. Nikasema shule sikudai, miaka sikudai, mwambie Mama tu. Ukacheka kidogo, ukasema, "Karata ikishatoka haibadilishwi, Desi." Mama akafa hivyohivyo, hajawahi kula chakula changu bila kungoja.

Basi nimelifungua kopo lako. Ndani kuna karata moja tu, ile ya mifupa, na mgongoni kuna ile G yako yenye mkia kama ndoana, ambayo kila mwanafunzi wako anaijua. Kwa hiyo ulikuwa nayo. Siku zile Mama anangoja nionje, ulikuwa nayo. Siku unacheka Madibira, ulikuwa nayo kabatini. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na wewe ulikuwa na khanga mkononi, karata umeificha ndani yake. Nilikuchukia siku ile kuliko nilivyowahi kukuchukia nikiwa kwenye tope.

Sikurudi Madibira. Nilishuka Iringa, nikalala Kihesa kwa mwanangu, asubuhi nikapanda gari la Kilolo. Mama Gervas yu hai. Ni bibi kizee sasa, macho yamefunga utando mweupe, anajua watu kwa sauti.

"Ni nani?"

"Ni Desi, mama. Wa mpishi."

Nilingoja anifukuze. Kisha akasema, "Kaa."

Nikamwambia nilichobeba. Akaurudisha mkono wake kifuani upesi, kama mtu aliyegusa kaa la moto. Halafu akasema, "Nisomee wewe. Mimi siku ile nilisoma mpaka pale nilipoweza."

Nikamsomea, dada. Nikasoma mwandiko wako kwa sauti, kama ulivyotakiwa usome wewe:

"Baba Gervas. Mfungua Njia. Mpole. Anatangulia na fyekeo msituni ili miiba imchome yeye kwanza, wengine wapite."

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akasema nirudie tena, mara ya tatu, na machozi yakawa yanamtoka kwenye yale macho yasiyoona. "Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Ndivyo alivyokuwa kabisa. Kumbe watoto mlimwona."

Kisha akauliza, "Na dada yako siku ile, alikuwa anajua kusoma?"

"Alikuwa anajua, mama."

Akanyoosha mkono, nikampa karata, akaiweka chini ya mto wake. Sikuidai.

Sasa ndiyo nimeelewa, na ndiyo maana uchungu wangu umezidi badala ya kupungua. Miaka yote nilidhani ulilazimika kuchagua, shule yako au mimi. Nilikaribia hata kukusamehe kwa hilo, maana ulikuwa mtoto na barua imefungwa kwenye pindo la Mama. Kumbe hapakuwa na cha kuchagua. Ungesoma mistari miwili tu. Mama Gervas angelia kama alivyolia juzi, mimi na wewe tungerudi nyumbani, na Mama angekula.

Siwezi kukuambia ulale salama, nitakuwa nasema uongo mbele ya kaburi. Lala tu. Siku ya kujengea nitakuja na gunia la mchele wa Madibira, na nitapika mimi, sitaki mtu anisaidie. Watoto wako nitawapakulia mimi mwenyewe. Watakula, dada, na sitaonja kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Desderia, ambaye sikuandika.