Kostiki na Ndimu

Narung'ombe, Ruangwa
7 Julai 2024

Mdogo wangu Koleta,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua karatasi. Huku hatujambo. Mama anakusalimia. Baba yuko kwenye mikorosho, kila jioni anarudi njano tupu kwa salfa anayopulizia. Kile kikohozi chako cha bweni kimekuacha?

Nakuandikia kwa sababu hapo shuleni simu wamewakataza, na kwa sababu kemia inanitoa jasho. Mtihani ni Novemba. Nikifaulu, chuo cha uuguzi kitanipokea. Nikifeli tena, nitakoroga sabuni na mama hadi nizeeke. Huku nasoma peke yangu, kwa hiyo mwalimu wangu ni wewe. Usicheke, nimekuogesha mimi.

Nina maswali mawili. Asidi na besi zinagombania nini hasa? La pili, tukitia kostiki soda kwenye maji ya kutengenezea sabuni, ndoo inapata moto hata huwezi kuishika, na hakuna kuni chini yake. Moto huo unatoka wapi?

Dada yako,
Hajra


Nachingwea
14 Julai 2024

Shikamoo dada Hajra,

Kikohozi kimekwisha, namshukuru Mungu. Nicholaus wa basi aliacha barua yako getini, sista akaipapasa weee, akidhani umenifichia simu ndani. Mama mkubwa mpe shikamoo yangu, mwambie mwakani nakuja kula ming'oko ya kuchemsha kwake.

Swali la kwanza ni jepesi. Asidi ni kama ndimu. Besi ni kama maji ya majivu, au hiyo kostiki yenu. Loweka maua ya rozela uone mwenyewe: ukitia ndimu yanazidi wekundu, ukitia maji ya majivu yanakimbilia ukijani. Asidi na besi zikikutana zinamalizana nguvu, kinachobaki ni chumvi na maji. Yaani kinachounguza cha upande huu kinazimwa na cha upande ule. Shika hilo, nusu ya maswali utayajibu.

Swali la pili halitoki kwenye mtihani. Liache.

Sasa nisaidie na mimi. Mwalimu Leonard ametuuliza mafuta yanageukaje kuwa sabuni, darasa zima kimya, na mimi nimo. Nyie mnafanyaje?

Mdogo wako,
Koleta


Narung'ombe
28 Julai 2024

Mwalimu wangu mdogo,

Sote wazima, na wewe nakuombea uzima. Rozela nimeijaribu mbele ya kikundi cha mama, wale kina mama wa sabuni. Walipoona rangi inageuka, Winfrida akaweka mwiko chini akasema huu si uchawi kweli? Sasa wananiita daktari. Nimewaambia subirini kwanza nifaulu, lakini sijachukia.

Sabuni ni hivi. Kostiki unaiyeyusha na kuiacha ipoe. Mafuta unayapasha kidogo tu. Unavichanganya ukikoroga upande mmoja bila kuacha, mpaka mwiko ukiuinua unaacha alama juu. Hapo hayarudi tena kuwa mafuta hata ufanye nini. Mwambie mwalimu wako hilo ni badiliko la kikemia, nimelisoma.

Swali la pili nimeliacha kama ulivyoagiza. Mole, ile ya kuhesabia chembe, ndiyo inayonisumbua sasa.

Dada yako,
Hajra


Nachingwea
18 Agosti 2024

Shikamoo dada,

Natumai barua hii inakukuta salama, ingawa moyo wangu hautulii. Hii ni barua ya pili, ile ya kwanza sijapata jibu. Nicholaus ameniambia mama mkubwa alipelekwa hospitali, lakini hakujua anaumwa nini. Hapa simu hatupewi hata kwa dharura, labda mzazi apige ofisini.

Mole niliyokueleza kwenye barua iliyopita uielewe kama dazeni. Dazeni ya mayai na dazeni ya maboga idadi ni moja, uzito ndio tofauti. Lakini hiyo soma ukipata nafasi. Kwanza niambie mama mkubwa ana nini.

Mdogo wako,
Koleta


Narung'ombe
1 Septemba 2024

Mdogo wangu Koleta,

Nisamehe kwa kimya. Mimi mzima, mama anaendelea kupona. Baba yuko naye sasa, ndiyo maana nimepata muda wa kukuandikia.

Ilikuwa siku ya kutengeneza sabuni. Mama aliinama juu ya ndoo ya kostiki, kipande kikadondoka ndani, maji yakamrukia shavuni na kwenye jicho la kulia. Wenzake wote walitawanyika. Mimi nikakumbuka barua yako. Nilikimbia kwenye mndimu, nikakamua, nikamwosha nazo shavu na jicho pia. Alilia sana, lakini nilijua besi inazimwa.

Jicho lile halioni tena. Daktari wa macho amesema limeungua sana, tumshukuru Mungu kwa lililobaki. Lakini mama, Koleta, anajivuna. Kila anayekuja kumwona anamwambia bila Hajra na ndimu zake angekuwa kipofu kabisa. Kikundi kimekubaliana ndimu zisikose karibu na ndoo, na Winfrida amewapelekea habari wenzao wa kijiji cha Malolo. Mimi nikaona niseme asante kwako, maana elimu ni yako.

Dada yako,
Hajra


Nachingwea
8 Septemba 2024

Shikamoo dada yangu,

Mpe pole mama mkubwa. Nimelia mpaka wenzangu wameniitia matroni.

Barua yako nilimpelekea Mwalimu Leonard, nikitaka aone jinsi dada yangu alivyoshika somo. Aliisoma yote. Kisha akaniuliza nani amemfundisha huyu. Dada, asidi na besi zikimalizana nguvu zinatoa joto, na kostiki kali inatoa joto kubwa. Tena ndimu yenyewe ni asidi, nayo inadhuru jicho. Mwalimu amesema dawa ni maji tu, maji mengi yanayotiririka, unamwosha hapo hapo bila kuacha, ndipo hospitali. Ndimu iliongeza madhara.

Uliniuliza moto wa ndoo unatoka wapi. Nikakwambia uliache. Si kwamba halitoki kwenye mtihani. Sikujua jibu, nikaona aibu kukwambia sijui, wewe uliyekuwa unaniita mwalimu.

Waambie kina mama waondoe ndimu, na wa Malolo waambiwe pia, kabla hajaumia mwingine. Waambie kosa ni langu, nitaje kwa jina.

Mdogo wako,
Koleta


Nachingwea
29 Septemba 2024

Shikamoo dada,

Najua barua ilifika, Nicholaus alikukabidhi mkononi. Kama umenichukia una haki. Ila usinijibu kwa kuwaacha wale kina mama na ndimu zao. Ukishindwa kumwambia mama mkubwa, nitamwomba mama yangu aje huko kwa dada yake, ayaseme yeye.

Koleta


Narung'ombe
20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Koleta,

Afya ninayo. Utulivu sina. Nilikukasirikia, tena sana. Nilitaka uje umwambie mama wewe, halafu nikaogopa kwamba utamwambia.

Juzi Winfrida alikuja kumuuliza mama kama si bora ndimu zikamuliwe mapema, ziwekwe kwenye kikombe, mtu asichelewe. Mama akacheka, akasema, "Muulize daktari." Wote wawili wakanigeukia. Nikawaambia yote, moto na maji, kama ulivyoandika.

Nikawaambia na jambo ambalo wewe hukuwa unalijua. Siku ile mama alishaishika ndoo ya maji safi, anataka kujimwagia. Mimi nilimshika mkono, nikamwambia acha maji, subiri. Akasubiri, kwa sababu ni mimi niliyesema.

Winfrida aliondoka bila kuaga, akapanda bodaboda kwenda Malolo. Mama aliendelea kuchambua ufuta. Kisha akasema, "Ile ndimu ndiyo ilikuwa inanipa usingizi. Najiambia jicho limekwenda, lakini mwanangu alijua la kufanya. Sasa nijiambie nini?"

Jana akaniambia nimpeleke kwenye kikundi. Alinishika bega, maana upande wa kulia anajikwaa. Akawaambia ndimu ziondolewe zote, maji ndiyo yawe tayari. Mmoja akamuuliza, si Hajra ndiye aliyesema ndimu? Mama akajibu, "Hajra aliniletea maji. Ndimu niliitaka mimi, maji yake nikayakataa." Nilifungua mdomo, akanibana bega kwa nguvu. Winfrida alikuwepo. Akatazama chini.

Njiani nilimuuliza kwa nini amesema vile. Akasema kesho nitakuwa nesi wa hapa hapa, na nani ataniletea mtoto wake akijua?

Tangu hapo hatuzungumzi, ila chakula ananipakulia. Jina lako sikulitaja. Mtihani nitaufanya, Koleta, kwa sababu nikiuacha mama atakuwa amesema uongo bure.

Dada yako,
Hajra