Manmaya, Uliyengoja Cheo Huku Ukiugua

Mwaka umetimia, Manmaya, tangu tukusindikize hadi ukingo wa mto Bagmati, mahali pa kuchomea maiti, tukarudi bila wewe. Hapa nyumbani Lalitpur bado tunapika wali mwingi kuliko tunaoweza kuumaliza.

Ulikuwa binti wa fundi cherehani, wa kwanza katika ukoo wetu kuandika programu za kompyuta. Siku yako ya kwanza kazini mwenzako mmoja alisikia jina letu, la tabaka la washonaji linalodharauliwa, akacheka: "Pariyar? Basi tumepata wa kutushonea suruali." Ukamjibu, "Lete kitambaa, kaka. Ila kwanza nikuzibie hiyo programu yako, imechanika vibaya zaidi." Ulitusimulia ukicheka. Mama peke yake ndiye aliyeona kwamba chakula hukukigusa.

Ulipojifungua Asmi, ulirudi kutoka likizo ukakuta kazi yako amepewa mwingine, nawe umewekwa kupokea simu za wateja. Ukaanza upya. Wasichana waliotaka kuacha kazi uliwaleta nyumbani, ukawapa chai na sel roti za moto, yale maandazi ya mchele ya mviringo, ukawaambia, "Tukiondoka sote, nani atabaki kuwasumbua hawa wakubwa?"

Kisha ukagusa uvimbe kwenye titi. Mumeo Dhiraj akakusihi uende hospitali. "Ngoja kwanza wamtaje mkuu wa kitengo," ulisema. "Nikilazwa sasa, watanipita tena." Ukangoja miezi, ukimeza dawa za maumivu na kujifunika shali hata kwenye joto. Cheo akapewa kijana uliyemfundisha kazi wewe mwenyewe. Kesho yake ukaenda hospitali. Daktari alimtazama Dhiraj, si wewe: "Mbona mmechelewa hivi?"

Mwezi Machi, Siku ya Wanawake, kampuni ilitualika. Walikuwa wametundika picha yako kubwa mapokezi na kuivisha maua. Mama aliitazama, kisha akamwuliza meneja, "Baba, mwanangu alikuwa na cheo gani hapa?" Meneja akaanza kuyapanga upya maua ya picha. Urmila, yule uliyemshawishi mara mbili asiondoke, alitusindikiza hadi getini huku akilia. Tangu hapo naye ameshaacha kazi.

Unakumbukwa na mumeo Dhiraj, binti yako Asmi, mama yako Suntali, kaka yako Hom Bahadur na wifi yako Kabita.

Tutakukumbuka daima, mpenzi wetu, na hasira haijatutoka.