Kamba Yetu Ilishikwa Ng'ambo

Mjukuu wangu Anjela,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Izia, Sumbawanga, ulezi tumeshavuna, na mjomba wako kapata binti.

Umeuliza mafuriko ya mto wa nchi mbili tuliyamudu vipi enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimeolewa karibuni, kando ya mto Kalambo; ng'ambo ilikuwa Rodeshia ya Kaskazini, nayo ya Mwingereza. Uzio wa kuvulia samaki ulikuwa mmoja, umekatiza mto, una mlango wa kupitisha maji kila upande. Ajabu, kamba ya mlango wetu walishika wao wa ng'ambo, na ya kwao tulishika sisi.

Siku moja takataka zikaziba uzio, maji yakapanda yakinguruma.

"Mama, tuukate uzio!" nikamwambia mama mkwe.

"Subiri. Ukingo tuliosimama juu yake hatuoni unavyoliwa chini na maji. Wao wanauona."

Mara mama mmoja wa ng'ambo akapunga nguo yake kwa nguvu, turudi nyuma. Tukarudi. Wakavuta kamba ya mlango wetu, nasi tukavuta ya kwao, milango ikafunguka. Mto ule mkubwa ukashuka tukiutazama, na pale nilipokuwa nimesimama pakaporomoka pote, pakamezwa na maji.

Jina la yule mama sikupata kulijua. Kila nikikutazama wewe, namkumbuka, maana asingepunga ile nguo, nawe usingezaliwa.

Bibi yako wa Izia