Wifi, Siku Ile Sikuvuka Pazia

Mwaka umetimia, wifi, tangu asubuhi ile uliposema kichwa kinakuuma, ukaweka mkasi mezani, ukajilaza, na hukuamka tena. Gauni la shule ulilokuwa unashona bado liko kwenye cherehani, mkono mmoja umeunganishwa, mwingine bado. Binti yako mkubwa akifagia chumba anaizunguka ile meza kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Hitima ya mwaka hatukukusomea. Binti yako mdogo alisema siku hizi wanafundishwa kwamba haina dalili katika dini. Kaka yako, mume wangu, akajibu kwamba babu zake wote walisomewa na hakuna aliyerudi kulalamika. Wakabishana mpaka chai ikafanya utando. Nikawaambia, jamani, tusigombane juu ya mtu aliyekuwa hapendi kelele. Tukakubaliana kila mmoja akuombee kwake, na mimi niandike kumbukumbu hii ya gazetini, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Hawajui ninachokwenda kuandika. Nimeshaharibu karatasi mbili.

Mtaa huu ulikujua kwa kazi mbili. Wenye watoto walikujua kwa sare za shule. Wenye misiba walikujua kwa kuosha maiti za kike, miaka ishirini na saba. Mlango ukigongwa ukamkuta mtu amesimama tu hasemi, ulikuwa unajifuta mikono na kuuliza, "Ni nani wetu?" Hukuwahi kuuliza nani amekufa. Kisha unachukua mkoba wako wa bluu wenye pamba, kafuri na mkasi wa kukatia sanda. Ole wake aliyeugusa mkasi ule! Kaka yako aliukatia kamba ya kiatu, ukamnunia siku tatu.

Na mimi nyuma yako na ndoo. Kazi yangu ilikuwa maji. Uliyapima kwa kiwiko kama maji ya mtoto mchanga, na yakizidi moto unanirudishia. "Wifi, nimekwambia tunamwosha, hatumpiki." Nilikupitishia jagi juu ya pazia, na miaka yote hiyo pazia lenyewe sikulivuka hata mara moja. Ulinitania mbele za watu, "Wifi yangu huyu anawaogopa maiti kuliko anavyoniogopa mimi, na mimi ndiye ninayeuma." Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini ilikuwa kweli.

Nikiwa nje nilikusikia ukisema nao. "Mama, nakugeuza sasa, ubavu wa kushoto. Nimekushika, huanguki." Sauti ileile uliyomwambia mtoto anyooshe mkono umpime.

Siku moja tukitoka msibani ulisimama kwenye kona ya kinyozi. "Wifi, siku yangu usiniachie watu. Uingie wewe."

"Mdomo huo nani atathubutu kuuosha?"

"Sitanii, wifi."

Nikakuahidi. Niliapa kabisa, wallahi.

Sikuingia, wifi.

Walikuja wanawake watatu kutoka darasa la kina mama la madrasa, mmoja wao mwalimu, yule muuguzi kijana. Walikuwa na glavu, aproni, na karatasi iliyogandishwa kwenye plastiki yenye hatua zote kwa namba. Mwalimu aliniambia kwa adabu, "Karibu, bibi, wewe ndiye wa karibu yake." Nikashika pazia. Nikauona mguu wako, na kile kidole cha mwisho kilichopinda. Mkono ukakataa. Nikasema, "Ngojeni nilete maji," nikabaki na ndoo yangu. Nikamsikia mmoja akisoma hatua ya nne, ya tano, ya sita. Hakuna aliyekwambia kwamba anakugeuza. Jagi likanitoka, maji yakanimwagikia kuanzia kifuani.

Nilipotoka uani nimelowa vile, majirani wakanipokea mikono miwili. "Mungu akulipe, umemsitiri wifi yako." Nikawapa mkono. Nikasema moyoni nitawaambia kesho. Kesho hiyo imekuwa mwaka. Sokoni, kwa daktari, kwenye foleni ya maji, watu wananipa mkono kwa kazi ambayo sikuifanya. Uongo wenyewe sikuutamka, lakini nimeuvaa kila siku kama gauni. Wenye wazee wagonjwa wananiambia, "Bibi, mama akitutoka tutakuita wewe." Simu ikilia, nawaza ni msiba kabla sijaishika.

Mwezi uliopita nikaona nitakufa kwa hofu kabla ya ugonjwa. Nikavaa viatu, nikaenda darasani kwa yule muuguzi. Ni chumba cha madrasa chenye ubao mweusi na meza ndefu katikati. Wanafunzi wote ni wasichana ninaoweza kuwazaa mara mbili.

Mwalimu akauliza, "Leo nani atakuwa maiti tujifunzie?"

Wakaanza kusukumana. "Lala wewe, si ndiye unayependa kulala?" "Thubutu! Mimi nina mchumba, sitaki mkosi." Mwalimu akawaambia mambo ya mkosi hayana asili katika dini. Lakini naye hakulala.

Nikasema, "Nitalala mimi. Humu ndani mimi ndiye niko karibu na kituo."

Mbao zile zilikuwa baridi, zilipenya gauni mpaka mgongoni. Wakanifunika shuka, nikafumba macho. Nilisikia glavu zikivutwa, na karatasi ikisomwa. Nikahisi mikono mingi, na hakuna aliyesema nami. Mara wakanisukuma ubavuni, ukingo wa meza ukawa pale pale chini ya bega, na mwili wangu wote ukaamini unaanguka. Nikapiga yowe. Msichana mmoja akaruka, akaipiga ndoo teke.

"Bibi, maiti hapigi kelele!"

"Maiti wenu mnamwangusha!"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka, wifi. Nilikuwa nakuona wewe juu ya meza, unasukumwa hivyohivyo, na mimi niko nje nimekumbatia ndoo.

Nikamweleza mwalimu maneno uliyokuwa ukiwaambia maiti. Akasema, "Bibi, maiti hasemeshwi. Hilo halina dalili." Nikamjibu, "Mimi sijavuka shule ya msingi, dalili sizijui. Ninachojua, yeye akisema, mikono yake ilikuwa inangoja mdomo umalize. Ninyi mikono yenu imenitangulia." Mwalimu akaigeuza karatasi yao. Kisha akachukua kalamu, akaandika nyuma ya ile plastiki: *Kabla ya kugeuza simameni, mmoja ashike bega, mmoja nyonga, halafu taratibu.* Maneno yako hakuyaandika. Mikono yako ameiandika.

Aliponisaidia kushuka alininong'oneza, "Bibi, tangu siku ile sisi watatu hatujamwambia mtu." Nikaona aibu kuliko kama angenitangaza. Akaendelea, "Lakini jina lako nimeliweka kwenye orodha. Anayefuata, unaingia nasi."

Anayefuata tunamjua. Ni mke wa mwoka mikate, mlango wa tatu kutoka kwako. Madaktari wamemrudisha nyumbani. Naye amewausia wanawe kwamba anataka aoshwe na bibi aliyemwosha wifi yake.

Ndiyo maana ninakuandikia mbele ya watu. Majirani zangu, mimi sikumwosha wifi yangu. Walimwosha wale watatu, na walimsitiri vizuri. Mimi niliogopa. Mkono mlionipa, mwaka mzima, ulikuwa wao.

Leo asubuhi, kabla ya kuupeleka waraka huu, nilikwenda kumwambia mgonjwa mwenyewe. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikasema yote, macho yangu yako kwenye mkeka. Nilipoyainua, yake yalikuwa yamefumbwa, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Kumbe hujui kazi."

"Sijui, mama."

"Basi utaanzia kwangu. Lakini uje kila siku, usije siku hiyo tu."

Naogopa, wifi. Naogopa kuliko mwaka jana, kwa sababu wewe ulituacha ghafla, na huyu namhesabia pumzi. Nimeanza leo. Nimekaa naye mpaka adhuhuri nimemshika mguu, ili mkono wangu uuzoee ungali na joto.

Nisamehe.

Wanaokukumbuka ni kaka yako, fundi saa, ambaye hadi leo anapita nje ya dirisha lako na kukohoa ili ujue ni yeye. Binti zako wawili, wanaobishana kuhusu hitima lakini wanaswali bega kwa bega. Mkweo dereva wa lori. Wajukuu zako saba, na yule wa nane aliyezaliwa baada yako. Wateja wako wa sare. Na mimi, wifi yako, mchota maji.

Hututoki moyoni, wifi, kwa siku zote tulizobakiwa nazo.